Kahawa ya Msibani Chini ya Kiota

Mlinipa saa ya ukutani na keki siku mliyoniaga kazini, na mmoja wenu akasema kwenye hotuba kwamba Bi Zuwena aliwapenda sana ndege. Neno hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Sikuwapenda ndege. Niliwafuata miaka mingi kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa, na mwisho nikazijua tabia zao kuliko ninavyozijua za baadhi ya ndugu zangu, hilo nakubali. Mapenzi ni jambo jingine. Mmeniomba niandike mambo ya kazini ili yawafae, nami naandika. Mkikuta huzuni nyingi humu msiseme uzee umeniharibu. Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa.

Niliingia idarani mwanzoni mwa miaka ya tisini kama mpiga taipu. Tulikuwa tukikaa Darsait, hapa Maskati, ghorofani juu ya duka la betri za magari, na baba alikubali niajiriwe kwa sharti kwamba kazi iwe ya ndani, penye kivuli, pamoja na wanawake wenzangu. Haukupita muda nikawa nimekaa juu ya jabali, kivuli sina, na wenzangu wote wanaume. Aliyenitoa ofisini ni Maalim Nasor. Alikuwa amesomesha skuli Unguja, akasomesha tena hapa Maskati baada ya kuhamia kama sisi, kisha akahamia kwenye mambo ya ndege na wanyama, lakini jina la Maalim halikumtoka. Asubuhi moja nilikuwa nikichapa ripoti yake, mhudumu akamwaga chai ya moto kwenye meza ya jirani, watu wakaruka na kupiga kelele, mimi nikaendelea kuchapa. "Huyu anaweza kukaa," akasema. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kukaa.

Alikuja nyumbani kuzungumza na baba. Hilo nataka mlijue, kwa sababu humo ndimo alimokuwa Maalim mzima. Hakuanza na habari ya kazi. Aliuliza khabari za Unguja, za marehemu, za mitaa, akala kila alichowekewa, mama akaongeza, akala tena. Mpaka baba mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Sasa Maalim, huyu mtoto unamtaka lini?" Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumwona hata mara moja akitoka kwenye nyumba ya mtu kabla ya mwenye nyumba kuridhika. Mvuvi, sheikh, mlinzi wa ghala, kwake wote sawa. Ndiyo maana pwani nzima ilitufungulia njia.

Ndege wetu alikuwa furukombe, tai anayekula samaki. Nyinyi wengi mmemzoea kwa jina lake la Kiarabu, lakini mama yangu alimwita furukombe na mimi siwezi kubadilika sasa. Ana kichwa cheupe, mstari mweusi unaopita jichoni, na mgongo wa rangi ya kahawia. Hujenga juu ya mawe yanayoangalia bahari, kwa vijiti, mwani mkavu na takataka yoyote aliyoiokota. Nimeona kwenye viota vyake vipande vya nyavu, kandambili ya mtoto, na safari moja mkono mzima wa kanzu ya dishdasha. Kila mwaka hukirudia kiota hichohicho na kukiongeza. Hapa kwetu hutaga wakati wa baridi, na makinda wanatakiwa wawe wamesharuka kabla ya joto lenyewe kuingia. Wanaochelewa, jua linawakuta kiotani. Mkisahau yote niliyoandika, hili msilisahau. Mama huwasimamia mchana kutwa, ametanua mbawa, mdomo wazi, anahema, ili wao wapate kivuli. Watu wakimtisha akainuka, makinda hawana kingine cha kuwakinga.

Siku yangu ya kwanza Maalim alinipa darubini, akaniambia nihesabu makinda kwenye kiota kilichokuwa ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari. Nikatazama sana. Nikamwambia kiota kitupu, mna vijiti na matambara tu. "Kaa," akasema. Nikakaa, jua likinitoboa kichwa, nikiwaza baba angesema nini. Baadaye sana tambara moja likainua shingo, kisha la pili. Kinda wa furukombe akihisi hatari hujilaza kifudifudi, kichwa chini, asitikisike hata ukimsogelea. "Wakilala hivyo huwezi kumjua mzima na maiti," Maalim akaniambia. "Usiandike kitu mpaka umuone kainua kichwa."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vizito. Darubini ya miguu mitatu, mmoja umefungwa kwa waya. Viti vya kukunja. Pete ndogo za madini zenye nambari, za kumvisha kinda mguuni ili akionekana siku za mbele ajulikane katoka wapi. Na mwavuli mweusi wa Maalim, ambao wageni waliokuja kututembelea waliucheka mpaka walipoujua kazi yake. Mtu wetu wa kamba alikuwa Mutua, Mkamba wa Machakos, aliyekuja Maskati kusafisha madirisha ya hoteli moja kubwa upande wa Bustan. Maalim alimwona akining'inia ukutani na ndoo yake, akasimamisha gari palepale. Mutua alikuwa Mkristo wa kweli. Kabla ya kushuka jabalini aliomba kwa sauti, nasi tulimngoja amalize, na Maalim aliitikia amina kwa sababu hakuona adabu kunyamaza.

Mutua alishuka na mwavuli mgongoni. Akifika kiotani anaufungua, anawatia makinda kivulini, anawavisha pete, anapanda na mwavuli wake. Hakuna kuuacha. Mwaka mmoja tuliuacha kwa huruma, na mama mtu akazunguka angani asithubutu kutua karibu na dude lile jeusi, ikabidi Mutua ashuke tena kuutoa. Kwa hiyo pete zilivishwa alfajiri ikishapambazuka, kabla mawe hayajapata moto, na kazi ikiisha watu wote wanaondoka mara moja ili mama arudi. Kanuni hiyo aliiweka Maalim mwenyewe.

Miaka ya tisini ikenda hivyo, na sikumbuki mwaka hata mmoja uliokuwa mzuri mpaka mwisho. Viota vingine tulivipoteza kwa wauza ndege, vingine kwa wavulana wa mjini wenye pikipiki za majini. Kunguru nao. Ni walewale waliojaa Unguja. Mama alipowaona Mutrah mara ya kwanza alisema hawa viumbe wametufuata. Mtu akila mkate wake karibu na kiota, kunguru wanajifunza njia, na kesho wanakwenda bila yeye. Ndiyo maana niliwakatazeni kula kazini, si ubakhili kama mlivyokuwa mkisema nikigeuka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Maalim Nasor hakuja kwenye kuagwa kwangu, na najua mliulizana kwa nini, maana kila mgeni aliyepanda jukwaani alimtaja yeye kuwa ndiye aliyenilea kazini. Ndiye, kweli.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kulikuwa na kiota kimoja mbele ya Bustan, juu ya jabali linaloangukia ufukwe wa kijiji kidogo. Jina la kijiji silitaji, ni mazoea ya kazi. Maalim alikuwa akiwafuata furukombe wawili wa hapo tangu mimi sijaingia idarani, na msimu baada ya msimu walitaga wakashindwa. Hakuwahi kumvisha pete hata kinda mmoja kutoka kwao. Mwaka ule wakapata watatu. Alikuwa kama mtu aliyepata wajukuu, akienda kuwatazama hata Ijumaa. "Nikiwaona hawa watatu wameruka," aliniambia, "mimi ntakaa nyumbani roho yangu safi." Lakini walikuwa wamechelewa. Aprili ilishaingia, na joto nalo.

Tukachagua siku. Kinda akiwa mdogo mno pete inamvuka mguuni, akiwa mkubwa mno ukimsogelea anajitupa jabalini. Wale walikuwa wanakaribia ukubwa wa kujitupa, na utabiri ulisema kesho yake upepo utaanza na hautatulia haraka. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi tena.

Tulifika kijijini na jua ndiyo kwanza linatoka. Gari tulikuwa tukiliacha karibu na nyumba ya Mzee Hamdan, nyumba ya mwisho kabla ya njia ya kupandia. Huyu ujanani mwake alikuwa na duka Unguja, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hatukuwahi kupita pale bila yeye kutuletea maji ya baridi kwa mkono wake. Asubuhi hiyo tukakuta mikeka imetandikwa nje na viti vimepangwa. Mwanawe wa kiume, kijana aliyekuwa anajitayarisha kuoa, amepinduka na gari barabara kuu. Walikuwa wamemzika jana yake.

Mutua alishavaa kamba begani. "Pole sana kwao," akasema, "lakini Mzee, si tupande kwanza tumalize kazi, halafu tukishuka tuwape pole? Hii jua haitungoji."

"Nipite mlango wa mfiwa na kamba?" Maalim akasema. "Hilo haliwi. Tunaingia, tunahani, tunatoka. Hatukai."

Mimi nikaingia kwa wanawake. Mama wa marehemu hakuwa analia. Alikuwa akimuuliza kila anayepita kama wageni walioko nje wameshapewa kahawa. Wifi zake wakamjibu wameshapewa, na baada ya kidogo akauliza tena, sauti ileile. Nilimwonea huruma. Na palepale nilikuwa nikitazama mwanga unavyopanda ukutani, nikijua kwamba Maalim hatanyanyuka kabla ya chakula, na harufu ya wali ndiyo kwanza inaanza kutoka jikoni. Sikuwa na njia ya kwenda kumwita katikati ya wanaume. Sinia zilipopita mlangoni nilijua asubuhi imekwisha.

Tulipotoka nilimwambia Maalim tuache. Akatazama juu jabalini. "Kesho upepo," akasema. "Mutua, utaweza upesi?"

"Nitaweza, Mzee. Lakini tuende haraka sana, hayo mawe tayari ni kama jiko."

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, nasema kwa haki. Mutua alishuka, mwavuli ukafunguka, mama furukombe akainuka akawa analia juu yetu, pete tatu zikavishwa bila kinda hata mmoja kuumia. Mutua akapanda na mwavuli wake. Tukarudi nyuma ya kilele tusionekane. Maalim akatangulia kushuka kwa njia ya ufukweni akalete gari karibu, mimi na Mutua tukabaki kukunja kamba na kungoja mama atue.

Hakutua. Alishuka kidogo, akapanda. Akazunguka, akashuka, akapanda tena. Sikuelewa mpaka nilipogeuza darubini chini. Ufukweni, sawasawa chini ya kiota, kulikuwa na watu. Mzee Hamdan na wanaume wa msibani walikuwa wamekuja kutusindikiza. Kwao mgeni aliyekuja kuhani hasindikizwi mpaka mlangoni, anasindikizwa mpaka njia yake, na njia yetu ilikuwa ufukwe ule. Na kwa kuwa wametuona tumepanda kufanya kazi juani, hawakutaka kutungoja mikono mitupu. Wametandika mkeka mchangani. Wameleta chupa ya kahawa, tende, machungwa yaliyokatwa. Maalim yumo katikati yao, kikombe mkononi.

Mutua naye akachungulia. "Madam," akasema, "Mzee amekaa chini tena."

Nikarudisha darubini kiotani. Makinda wote watatu wamejilaza, shingo chini, na juu yao hakuna kivuli hata cha jani.

"Hao watoto wataiva huko," Mutua akasema. "Nishuke na mwavuli?"

"Ukishuka wewe, ndiyo kabisa hatatua."

Nikateremka mbio. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mwanamke hatimki mbele ya wanaume wa msibani, na nikatimka. Nilifika mkekani nahema. Mzee Hamdan akanisogezea nafasi, akanyoosha mkono kwenye kikombe safi.

"Maalim, mama hatui," nikamwambia. "Anawaogopa watu. Tuondokeni."

"Kikombe kimoja tu, mwanangu," akasema polepole, huku akiwatabasamia wenyeji. "Hawa wafiwa. Ntawainua vipi kwenye mkeka wao?"

"Wakija kuinuka wenyewe, wale juu watakuwa wameshakwisha."

"Zuwena. Tuko mbele ya uso wa watu. Kaa."

Jicho lake lilikuwa linapanda jabalini na kushuka. Alijua. Aliyajua yote niliyoyajua na zaidi. Lakini hakuinuka. Nikamgeukia Mzee Hamdan.

"Babu, inukeni muondoke," nikasema. "Mmekaa chini ya kiota. Mnaua watoto."

Ndivyo lilivyonitoka. Namwambia mtu aliyemzika mwanawe jana kwamba anaua watoto. Wengine mkekani hawakujua Kiswahili, waliona tu mwanamke amesimama ananyoosha kidole juu. Mzee Hamdan alinitazama, akatazama jabalini, akakiweka kikombe chini. Kisha akawaambia wenzake kwa Kiarabu kwamba jua limekuwa kali na bora warudi kivulini. Akainuka kwa kujishika magoti. Wakakunja mkeka, wakabeba machungwa. Hakuwaeleza nilichosema, wala siku hiyo wala baadaye, na tukatembea nyuma yao mpaka kijijini.

Mutua, aliyebaki juu, alituambia mama alitua kiotani mara ufukwe ulipokuwa mtupu, akatanua mbawa zake juu ya makinda. Hawakutikisika. Nikapanda tena, tukakaa nyuma ya darubini kwa zamu. Alasiri mmoja akainua kichwa. Tukangoja wengine. Tukangoja mpaka jua likaingia nyuma ya milima, na wale wawili walikuwa vilevile walivyolala. Mutua akavua kofia. Kesho yake, na upepo ule, kunguru walifika.

Jioni ile Mutua aliendesha gari, Maalim alikaa mbele, mwavuli katikati ya miguu. Tulikuwa tumeshapita Bustan aliponiambia, "Utakwenda kumuomba radhi yule mzee."

"Kwa lipi?"

"Kwa ulilomwambia."

"Nlilomwambia ni kweli, Maalim."

"Kweli. Utakwenda kumuomba radhi."

"Siendi."

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu. Nilimwona ametoa makinda wawili kwa kikombe cha kahawa, yeye aliyenifundisha kila nilichokijua. Hasira ile imepungua, lakini sitawadanganya, bado ipo. Tangu siku ile mpaka alipostaafu, wiki chache baadaye, aliniita Bibi Zuwena. "Mwanangu" hakuniita tena. Hakupanda tena kwenye jabali lile, wala hakuniuliza habari za yule mmoja aliyebaki, na mimi sikumpelekea.

Kinda huyo tulimfuata mimi na Mutua tu. Alikua. Alipewa chakula cha watatu, akanenepa, akasimama ukingoni mwa kiota anapiga mbawa mpaka vijiti vikaruka. Asubuhi moja, mwezi wa Mei, upepo ukamnyanyua, akawa juu ya maji. Alikwenda vibaya, akayumba, akapita juu ya nyumba ya Mzee Hamdan, akarudi. Mutua alipiga makofi. Mimi nilikaa nikaandika saa. Wiki ileile Mutua alimkuta chini ya nguzo ya umeme, kwenye barabara inayopita nyuma ya kijiji, waya umemuunguza bawa na pete yake ingali mguuni. Tukamzika palepale kwa jembe la kuazima. Ripoti ya mwaka ilikuwa inauliza makinda wangapi wameruka. Mmoja, nikachapa, na wakubwa wakafurahi kwamba kiota kile hatimaye kimezaa.

Baada ya hapo, jozi ile ilirudi msimu uliofuata, ikakaa tu bila kutaga. Uliofuata alirudi mmoja. Alikuwa akileta vijiti na kuvipanga, anasimama, anatazama bahari. Kisha kikaja kimbunga kile kilichoizamisha Maskati, na kilipopita jabali lilikuwa limeoshwa, hata alama ya kiota huioni. Mutua akarudi Machakos kwa watoto wake. Mkaja nyinyi na darubini zenu mpya zinazojishika zenyewe, nikawafundisha kukaa, baadhi yenu mkaweza. Nikastaafu.

Idi iliyofuata simu ikalia. Sauti nikaijua kabla hajajitaja.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nimesikia umepumzika. Macho yangu hayanisaidii tena kuendesha, na mwanangu kasafiri. Nna mahali pa kwenda leo. Utanichukua?"

Siku hizi anakaa Bawshar kwa mwanawe. Nilimkuta amekaa getini, amevaa kilemba, amekonda, boksi la halua mapajani. Tuliuliziana afya kwa adabu mpaka tukaishiwa. Akanielekeza kushoto, kulia, na tulipofika mteremko wa Bustan nikajua tunakokwenda. Nikapunguza mwendo.

"Kila Idi nnakwenda kwa Mzee Hamdan," akasema. "Nnamwambia Zuwena anakuomba radhi."

"Mimi sikukutuma."

"Najua hukunituma." Akalisogeza boksi mapajani. "Na yeye kila nikenda ananiuliza, yule mmoja aliyebaki, aliruka? Nnamwambia sijui. Mwaka wa mwanzo hakuniamini. Mtu kafanya kazi hii umri mzima, asijue."

"Ungeniuliza mimi, Maalim."

"Nikiogopa utanijibu."

Nikasimamisha gari pembeni. Nikamwambia yote, aliruka vipi, Mutua alimkuta wapi, tulimzika na nini. Alisikiliza ameshika boksi la halua kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Wawili wale nliwaua mimi," akasema. "Kwa haya zangu. Wewe ulisema kweli, na miaka yote hii nimekukasirikia kwa sababu ulisema na mimi nlikuwa siwezi. Lakini leo, mwanangu, nnakuomba. Usimwambie hilo la waya."

"Nimwambie uongo?"

"Mwambie karuka. Si karuka?"

Mzee Hamdan alikuwa kibarazani, mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, kofia imemshuka masikioni. Maalim akamwinamia, akamwambia, "Leo nimemleta Zuwena mwenyewe." Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa hata nimejiandaa kuomba radhi, mradi tu nisiambiwe niseme nilikosea. Mzee hakuuliza habari ya radhi.

"Karibu, binti yangu," akasema. "Kaa hapa karibu, masikio yangu mabovu. Niambie wewe. Yule mmoja, aliruka?"

"Aliruka, Babu. Alipita juu ya nyumba yako."

Akageuza uso juu, kana kwamba yule ndege bado anapita. Nikadhani limekwisha.

"Akafika mbali?"

Nikamtazama Maalim. Maalim alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mbali sana," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Hamdan. "Angalau mmoja."